Koki ya Akiba

Jumanne, 4 Machi

Mjomba wangu mpendwa,

Shikamoo. Kabla hujafika mstari wa pili, funga mlango wa karakana. Nakuomba, kwa mapenzi yote uliyonayo kwangu, neno lolote lililomo humu lisitoke kinywani mwako. Ukimaliza kusoma, ichome barua hii. Usiitie kwenye lile kopo la misumari unamohifadhi barua zangu zote. Mama hasa asijue. Unamjua dada yako, hawezi kuficha hata mimba ya jirani.

Mgongo wako unaendeleaje? Mimi mwili mzima, ila moyo hautulii.

Mpimaji wa bwawa alistaafu mwezi uliopita. Mkuu wa ofisi akaamua kwamba mimi, karani, nipande kila Jumatatu hadi bwawani kuchukua vipimo, maana gari la ofisi haliwezi ile njia ya mawe na Mbuzi, ile pikipiki yako, anaiweza. Nilijivuna, Mjomba. Watu wote walitoka kibarazani kuniangalia ninavyompanda Mbuzi, vidole vya miguu tu ndivyo vinavyogusa chini.

Kazi yenyewe ni nyepesi. Chini ya tuta la bwawa kuna bomba dogo linalotoa maji yanayopenya udongoni. Unakinga ndoo, unatazama saa, unaandika imejaa kwa sekunde ngapi. Daftari la mpimaji lina miaka kumi na mmoja ya sekunde tisini, tisini na mbili, themanini na tisa. Jumatatu yangu ya kwanza nilipata sitini na mbili. Nikadhani nimekosea, nikapima tena mara tatu. Jana nimepata arobaini na moja, na maji yenyewe yana rangi ya chai ya maziwa. Maji ya rangi hiyo yanatoka na udongo wa ndani ya tuta.

Nilimwonyesha Mkuu. Hakuinua hata kichwa.

"Andika tisini."

"Lakini Mkuu, ni arobaini na moja."

"Binti, saa yako inachelewa. Andika tisini kama wiki iliyopita, kisha ukanywe chai."

Mwaka jana yeye ndiye aliyesaini kwamba tuta limekarabatiwa lote. Akanikumbusha pia kiapo cha siri nilichosaini siku ya kuajiriwa, na kwamba karani anayetoa habari za ofisi anakwenda jela. Nikaandika tisini. Sasa nimeandika tisini mara mbili, kwa mwandiko wangu mzuri ule uliokuwa ukiusifu. Vipimo vya kweli nimevinakili nyuma ya karatasi ya kalenda.

Nakuandikia wewe kwa sababu bonde lililo chini ya tuta ni lenu: karakana yako, nyumba ya mama, shule. Usinipigie simu. Hii niliyonayo ni ya ofisi, na Mkuu huzikusanya kila Ijumaa "kukagua matumizi". Dereva wa maziwa ni mtu wa kuaminika, mpe yeye barua.

Nifanye nini? Halafu mnyororo wa Mbuzi unagonga nikipanda kilima.

Mpwa wako

*

Ijumaa, 7 Machi

Mpwa wangu,

Marahaba. Mgongo upo, bado umeshikana na kiuno, nashukuru. Mama yako mzima na anakusalimu bila kujua kwamba anakusalimu. Barua nimeichoma kama ulivyosema. Moshi wake ulimleta mbio, akauliza ninaunguza nini, nikamwambia deni la mtu. Akacheka. Kumdanganya dada yangu ni kazi ngumu kuliko kufungua injini.

Nianze na mnyororo, maana huo nauweza. Msimamishe Mbuzi, ushike mnyororo katikati, upande wa chini. Ukicheza zaidi ya vidole viwili umelegea. Vuta gurudumu la nyuma sawasawa pande zote mbili, uhesabu alama, usikadirie kwa jicho. Ukiukaza sana utakatika, na mnyororo ukikatika mlimani hauombi radhi.

Sasa bwawa. Nimelala na hesabu zako siku tatu. Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Huyo Mkuu wako hazibi wala hajengi, anapaka rangi. Mimi ningegonga rimu ya lori niliyoitundika mlangoni na kuliamsha bonde zima leo. Lakini umeniomba nikae kimya, na ninaelewa kwa nini. Mimi ni fundi tu, nikipiga kelele bila karatasi watasema nimevuta mvuke wa petroli. Tafuta mtu mwenye muhuri mkubwa kuliko wa Mkuu wako. Kwa sasa naweka akiba ya maneno.

Na kwa kuwa nimetaja akiba, hebu soma hapa mara mbili. Koki ya petroli chini ya tangi: ikitazama chini, unatumia petroli ya kawaida. Injini ikianza kukohoa, igeuze itazame juu, hapo umefungua akiba, lita moja na nusu ya kukufikisha penye watu. Ukijaza tangi, irudishe chini hapohapo. Ukiisahau juu, Mbuzi atakula kawaida na akiba pamoja, na siku petroli ikiisha hutasikia kikohozi. Atazima tu, kama aliyekasirika.

Hiyo ndiyo itakuwa alama yetu. Siku ukitaka nifungue mdomo, niandikie kwa simu maneno haya: *Nimefungua akiba.* Mkuu akisoma atadhani unazungumza na fundi wako. Mimi nitajua unazungumza na mjomba wako, na nitagonga rimu mpaka ipasuke.

Kula vizuri. Mtu mwoga akiwa na njaa huwa mwoga mara mbili.

Mjomba wako

*

Jumatano, 12 Machi

Mjomba wangu,

Shikamoo, nisamehe kwa salamu fupi. Mnyororo haugongi tena.

Juzi bwawani nimepata sekunde ishirini na saba.

Niliporudi sikuona daftari mezani. Mkuu alikuwa amelichukua, na jana asubuhi akaleta jipya, safi, lenye miaka yote kumi na mmoja ndani yake, kila wiki tisini au karibu na tisini, wino wa rangi moja. Akaniambia nisaini chini. Nikasema kalamu yangu imeisha wino. Akatoa yake mfukoni, akaiweka juu ya daftari, akanitazama. Nikasema tumbo linaniuma, nikaenda chooni, nikakaa humo mpaka alipoitwa kwenye kikao. Usinicheke. Ndio ujasiri wote niliokuwa nao.

Jioni akasema funguo za pikipiki niziache ofisini kufikia Ijumaa, "ikaguliwe". Kwa hiyo ninaondoka kesho. Makao makuu, mjini, kuna mhandisi wa mabwawa, mama mmoja mkali aliyewahi kutufundisha kwa siku mbili. Barabara ya lami ina kizuizi cha ofisi yetu, na mlinzi pale anapekua mifuko ya wafanyakazi. Nitapita njia ya zamani ya machimbo, juu ya milima.

Nimefanya kila ulichonifundisha. Sifongo ya chujio la hewa nimeifua kwa sabuni, nikaikausha na kuipaka oili. Upepo wa tairi nimepunguza kidogo kwa ajili ya mawe. Spoku nimezigonga moja moja kwa spana. Ya saba nyuma ilitoa sauti ya kopo, nimeikaza mpaka ikaimba kama wenzake. Leo mchana nimetoka kituo cha mafuta, tangi limejaa pomoni. Nakala za vipimo ziko kwenye mfuko wa nailoni chini ya kiti.

Tafadhali, kaa kimya mpaka nimfikie mhandisi. Neno likitoka kwake ni amri. Likitoka kwangu sasa hivi ni uchochezi, Mkuu atayafukia yote na mimi pamoja nayo. Ukihitaji kuniandikia, mpe dereva wa maziwa aiache kwa mlinzi wa kiwanda cha maziwa mjini. Huyo ni kaka wa rafiki yangu wa shule, nitafikia kwao.



Mpwa wako

*

Jumamosi, 15 Machi, asubuhi

Mpwa wangu,

Salaam. Sijui uko hai au uko wapi, naandika nikiwa nimekaa juu ya tairi kwenye kilima kilicho nyuma ya shule. Sisi tu wazima. Mama yako yuko hapa na kuku saba waliofungwa miguu, na amenuna, kwa sababu wa nane alikataa kukamatwa.

Ujumbe wako uliingia juzi saa kumi alasiri: *Mjomba nimefungua akiba.* Sikuuliza. Nilitupa spana nikagonga rimu. Nilianza na mwalimu wa shule kwa kuwa ana sauti na watu humwogopa, tukaingia nyumba kwa nyumba. Nimewaambia yote: ndoo, sekunde, rangi ya maji. Kufikia magharibi bonde lilikuwa tupu na kilima hiki kimejaa watu, mbuzi, magodoro na cherehani ya mshona nguo.

Lakini jana alikuja Mkuu wako kwa gari la ofisi. Alisimama katikati yetu na daftari jipya, akawasomea tisini, tisini, tisini, kama mtu anayesoma majina ya mirathi. Akasema fundi huyu amelewa, na yule mpwa wake ameiba nyaraka za ofisi akatoroka na pikipiki. Mama yako alimwambia, "Mwanangu hajawahi kuiba hata sukari, wewe rudi ulikotoka." Basi akarudi. Ila maneno yake yalibaki.

Tangu alfajiri watu wananizunguka. Mshona viatu ananiuliza, "Fundi, bwawa lako limekosa usafiri?" Wengine hawacheki. Wana watoto kwenye umande, wana mifugo chini. Wamesema jioni hii wanateremka.

Na kuna jambo lingine, ndilo linalonitoa jasho. Jana usiku simu ilileta kipande cha pili cha ujumbe wako, mtandao ulikuwa umekishikilia: *na bado haiwaki, nifanye nini.* Nimesoma vipande vyote viwili pamoja, mwanangu, mara nyingi. Sasa niambie kweli. Juzi ulikuwa unazungumza na fundi wako, au na mjomba wako? Ilikuwa akiba ya maneno au ya petroli?

Nijibu kabla ya jioni. Sitaki kuwazuia watu hawa kwa uongo, na sitaki kuwaachilia kwa kosa. Chaji ya simu inaisha, huku hakuna umeme.

Mjomba wako

*

Jumamosi, 15 Machi, saa saba mchana

Mjomba wangu,

Shikamoo. Niko hai. Mkono nimeuchubua, Mbuzi amepinda usukani kidogo.

Ilikuwa ya petroli.

Jumatatu nikishuka bwawani injini ilikohoa, nikageuza koki juu. Jumatano nikajaza tangi, nikaandika kwa majivuno kwamba limejaa pomoni, na koki nikaiacha palepale. Mimi, ninayesoma barua mara tatu kabla ya kufunga bahasha! Juzi kwenye mlima wa tatu Mbuzi akazima bila kikohozi, kama ulivyosema. Nilipiga kiki mpaka goti likavimba. Nikiwa kwenye hofu hiyo nilimwandikia fundi wangu, na sikukumbuka kabisa kwamba maneno yale tulishayapa kazi nyingine. Halafu simu ikazima. Nilimsukuma Mbuzi na kumwachia kwenye miteremko hadi machimboni, wakanipa petroli ya jenereta yao. Nilifika makao makuu jana saa kumi na nusu. Mhandisi alikuwa ameshatoka.

Leo asubuhi nilimsubiri langoni kwake. Alisoma karatasi ya kalenda akiwa amesimama, akaniuliza swali moja tu: "Maji yana rangi gani?" Nikamwambia chai ya maziwa. Hakuuliza la pili. Ameagiza milango ya bwawa ifunguliwe maji yapungue, na sasa anakusanya mafundi wake. Watafika kwenu jioni. Amempigia Mkuu mara tano, hapokei. Mimi nimekupigia kwa simu ya mlinzi mara sita, yako imezima. Kwa hiyo dereva wa maziwa anaondoka na barua hii sasa hivi, amewasha gari, ananipigia honi.

Usiwaache wateremke. Nilikosea kuandika, lakini kilimani ndipo mahali pao leo. Atakayebisha atazame mfereji wa bonde kutoka hapo alipo, aseme mwenyewe una rangi gani.

Barua hii usiichome. Panda juu ya tairi lako uisome kwa sauti, yote, na mama asikie. Wasomee kwamba vipimo vya kweli ni sitini na mbili, arobaini na moja, ishirini na saba. Wasomee pia kwamba karani aliyeandika tisini mara mbili ni mimi, binti wa dada yako, na hakuna aliyenishika mkono. Nakala zenye saini yangu ziko ndani ya bahasha hii. Nyingine anazo mhandisi. Mpe mwalimu azibandike mahali watu waone.

Mtu yeyote anayenitaka, awe mwanakijiji, Mkuu, au askari, mwambie nipo kiwanda cha maziwa, lango la nyuma, kibanda cha mlinzi, mpaka saa tisa. Baada ya hapo asinitafute milimani. Nakuja kwenu kwa barabara ya lami, mchana kweupe, na kwenye kizuizi nitasimama nijitaje mwenyewe. Wataijua pikipiki: ndefu, ya bluu, usukani umepinda kushoto. Tangi limejaa, na koki inatazama chini. Nimeigusa kwa kidole.

Mpwa wako, karani