Chupa Sita za Waridi la Mama

Kentucky,
21 Februari 1977

Mpendwa dada yangu Dessie,

Pokea salamu zangu na za shemeji yako Clell. Mgongo unaendeleaje, na ile dawa mpya bado inakukatisha hamu ya kula? Mwanao Nola aliniandikia kwamba siku hizi unaweza kukaa dirishani saa nzima. Nilifurahi, ingawa najua dirisha lenyewe linatazama ukuta wa kiwanda, na wewe hujawahi kuwa na subira na kuta. Sisi tunajikongoja. Kifua cha Clell ni kilekile, vumbi la mgodini halijali kwamba mtu ameshastaafu, na akikohoa analaumu kuni zangu eti ni mbichi. Mabomba ya maji yamepasuka mara mbili mwezi uliopita. Tunakula maharage na mkate wa mahindi, mkate wa mahindi na maharage.

Barua hii nimeianza mara nne. Usinicheke. Najua umezoea kuniona siishiwi maneno.

Barabara mpya ya serikali imeshafika kule kwetu. Nilipita mwezi wa kumi na moja. Pale lilipokuwa bomba la moshi, waridi la Mama likipanda mpaka juu ya paa, sasa ni kokoto tupu. Nilimuuliza dereva wa tingatinga kama aliona hata mzizi mmoja. Akanijibu kwa adabu kwamba yeye huona mawe tu, mama. Basi vikabaki vile vijiti sita ulivyokata mwenyewe Septemba, kabla hawajakubomolea nyumba ya Mama.

Nakumbuka ulivyokaa juu ya ndoo bustanini kwangu, mgonjwa hivyo, ukinituma kama kibarua. Punguza hapo, chini ya kijicho cha chipukizi. Sukuma kwenye udongo. Funika na chupa ya kioo ya kuhifadhia maharage, mdomo chini, ukandamize udongo pembeni, na usiifunue mpaka Mei hata ukisikia kijiti kinakuita jina. Ulisema unataka kimoja tu kishike, ukipande kwenye kaburi la Mama siku ya kupamba makaburi mwezi huohuo wa Mei, vingine vitano viwe vyangu. Utakuja na basi hata kama itabidi wakufunge kamba kwenye kiti. Nikafungua mdomo, nawe ukanifumba kwa mkono uliojaa udongo.

“Nyamaza, Orpha. Ukishukuru, unaua.”

Ndivyo alivyotufundisha Mama: mmea unapokewa kimyakimya, kama kitu cha wizi, ukitoa asante haushiki. Nola alikuwa akicheka ndani ya gari. Mpaka mnaondoka nilikuwa natafuna udongo, na sikusema neno.

Mpaka Desemba kila nilichokuandikia kilikuwa kweli. Vyote sita vilikuwa na majani. Januari theluji ikaanguka, ikafunika chupa zote zisionekane hata vitako. Jirani yetu Burl Ratliff aliegemea ua akaniambia niiache hiyohiyo, ndilo blanketi, na kwamba ni zuri kuliko yote niliyowahi kushona. Akaongeza kwamba ananijua miaka arobaini na hajaniona hata siku moja nikikiacha kifuniko cha sufuria kitulie. Mwanamke una kiherehere wewe, akasema. Nikamwambia aangalie kuku wake.

Ndipo ikaja barua yako. Ulitaka nikuhesabie majani, chupa kwa chupa, nisikufiche. Nilitoka na ufagio saa ileile. Nikafagia theluji yote, nikafuta vioo kwa aproni, nikapiga magoti kwenye tope nikahesabu. Ya kwanza matatu. Ya pili matano. Ya tatu saba, saba dada, kijani kibichi kabisa. Nilikuandikia hivyo na ilikuwa kweli, naapa. Nilikwenda posta nikiimba.

Theluji sikuirudisha. Nilijiambia, acha yapate jua kidogo. Jua likawaka siku mbili, chupa zikapata joto kama jikoni, kisha upepo ukageuka, ikaja ile baridi ya siku nne iliyopasua mabomba. Nami nilikuwa na maji sakafuni na Clell hawezi kuvuta pumzi. Niliporudi bustanini majani yalikuwa meusi, yamegandamana na kioo.

Vimekufa, Dessie. Vyote sita. Nilivikwangua kwa kucha nikitafuta kijani, kama Mama alivyokuwa akifanya, kimoja baada ya kingine, mpaka chini. Kahawia tupu. Kile cha tatu nilipokichomoa kilikuwa na kijinundu cheupe chini, pale mzizi ulipokuwa unataka kuanza.

Barua zangu mbili zilizofuata, zile za “vinaendelea vizuri,” zilikuwa uongo. Nimeuliza kila nyumba ambayo Mama aliwahi kugawa waridi lile. Mke wa mchungaji alishang’oa lake akajenga banda la gari. La kina Burl limeuawa na baridi hiihii. Halipo tena popote. Nola alipendekeza tununue dukani linalofanana, nikamwambia ungeligundua kwa kunusa kabla hujashuka kwenye basi.

Clell alisema, “Mwache na tumaini lake. Safari yenyewe hataifanya.” Sikumsemesha siku mbili, maana alisema kweli. Nola ameniambia maneno ya daktari, nami najua wewe uliyajua kabla yake. Lakini kukuacha uhesabu siku mpaka Mei kwa ajili ya vijiti nilivyokwisha kuvitia motoni, hapana. Hujawahi kunidanganya hata mara moja, hata pale nilipokuomba. Wala usiseme vimekufa kwa sababu uliuliza. Ulikuwa na haki ya kuuliza. Ufagio ulikuwa mkononi mwangu.

Chupa nimeziosha, nimezirudisha rafuni. Siku ya makaburi nitakwenda na maua ya karatasi kama kila mwaka, na nitamweleza Mama mwenyewe.

Clell anakusalimu, anasema umngoje huko uendako mcheze karata. Nimemkaripia lakini amesisitiza niandike. Mbusu Nola kwa niaba yangu, mwambie akuvishe soksi mbili. Ukiweza, niandikie hata mstari mmoja, hata wa matusi.

Limebaki jambo moja. Sasa hakuna kilichobaki cha kuuawa, na mkono wako uko mbali, huwezi kunifumba mdomo.

Asante, dada. Asante kwa waridi.

Ni mimi mdogo wako,
Orpha