Mbwa wa Stoo

Jumatatu, 4 Machi

Asubuhi nimekuta mbwa amefungwa kwenye geti la kituo chetu cha mbwa waliotupwa. Jike, mkubwa, kahawia. Hakubweka. Pembeni yake godoro dogo na nusu gunia la chakula, chakula kizuri kuliko tunachowapa wa humu ndani. Kucha zimekatwa. Ananukia sabuni ya watu — ina maana jana kaogeshwa, leo katupwa. Nimewaza jambo hilo nikisugua sakafu mpaka mchana. Unamwogeshaje mbwa unayekwenda kumtupa?

Bi Funguo alikuja kumtazama. Ndivyo tunavyomwita meneja, maana funguo zake husikika kabla yake. Akasema vizimba vimejaa, wengine wamelazwa wawili wawili na wanang'atana. Huyu akae stoo. Kama hakuna kizimba kitakachoachwa wazi hadi Jumamosi, daktari akija na sindano ya kuwaua waliozidi, atakuwa wa kwanza. Hakusema kwa ubaya. Alisema huku akitafuta ufunguo wa stoo, hakuniangalia.

Jumanne, 5 Machi

Dereva wa gari la kituo anasema nisimzoee. Nikimpa mbwa jina, siku ya sindano yeye ndiye anayekaa na sura yangu ya msiba kwenye gari hadi jioni. Sijampa jina. Namwita Wewe.

Lakini namchunguza. Haogopi fagio, kwa hiyo hakuwa anapigwa. Ukifungua mlango anakaa kando, anakupisha. Ukimvuta masikio anakuachia tu — kwao kuna mtoto. Chakula hagusi mpaka umruhusu. Ananishinda adabu, mimi nikiwa na njaa simsubiri mtu. Sasa kosa lake nini?

Jumatano, 6 Machi

Mvua. Mapumziko nimekaa stoo, nikasoma maandishi ya gunia. Mimi husoma kwa sauti, naburuza herufi, shule niliiacha darasa la nne. Wewe akaja, akaweka kidevu juu ya buti langu, akalala. Nikanyamaza, akafungua jicho. Nikaendelea, akalala tena. Basi huyo mtoto wa kwao anajifunza kusoma, na huyu ndiye msikilizaji wake! Nimefurahi kama fundi aliyegundua injini inagonga wapi.

Jioni nimempigia mke wangu. Amecheka hadi akakohoa. Eti, baba watoto, umeacha ng'ombe wa baba yako, umevuka mipaka yote hiyo, ili ukafue blanketi za mbwa na kuwasomea magunia? Kisha akatulia, akauliza kama kuna mtu atamchukua. Nikasema sijui.

Alhamisi, 7 Machi

Amekuja baba mmoja na binti yake, labda wa miaka saba. Wanataka kijibwa, tena asiyekua sana. Bi Funguo akachangamka. Mtu anayechukua ni mtu anayetuachia kizimba. Akamuuliza kama amewahi kufuga. Hapana, akasema, ndiyo mara ya kwanza. Alijibu haraka, macho kwenye kalenda ya ukutani.

Hapo Wewe akaanza huko stoo. Tangu aje hajatoa sauti. Sasa analia, anakwangua mlango, mlango unatikisika. Bi Funguo akanituma nikamtulize, wageni wasiogope. Yule baba alikuwa ameshageuka, anaangalia gari lake.

Mtoto akanifuata. Akasimama mbele ya mlango uliofungwa, akaniuliza polepole:

"Anko, huyo ni wa kwetu?"

Nikamuuliza wa kwenu yupi.

"Baba alisema kampeleka shamba. Tumehamia ghorofani, na yeye alikua sana."

Baba yake akamwita, akaenda mbio.

Wamechagua yule mwenye sikio jeusi, wa mwisho kwa mama yake, anayekaa kizimba peke yake. Watamfuata Jumamosi asubuhi. Bi Funguo akanipiga bega: "Umeona? Huyo wako wa stoo kapona."

Nilikwenda kuosha ndoo zilizokuwa safi.

Ijumaa, 8 Machi

Sheria imeandikwa ukutani kwa rangi nyekundu: aliyewahi kutupa mbwa hapewi mwingine. Nikisema, wananyimwa, kizimba kinabaki na mwenyewe, na kesho Wewe anachomwa sindano. Nikinyamaza, Wewe anapona, kijibwa anakwenda ghorofani. Na kijibwa huyo ana nyayo kama vifuniko vya sufuria. Hata mwaka hautaisha atakuwa ndama.

Nimemweleza dereva. Akasema: "Kaka, funga mdomo. Umeajiriwa kuosha, hukuajiriwa kuhukumu. Ukinyamaza anapona mmoja. Ukisema haponi hata mmoja."

Nikamuuliza, na mwakani nani atamkuta kijibwa getini?

"Wewe. Nani mwingine anaamka saa hizo?" Akawasha gari.

Ana akili yule, ila haijanisaidia. Tena ile sabuni bado inanisumbua. Kama ni yule baba aliyemwogesha, alikuwa anawaza nini akimmwagia maji? Alikuwa anamuaga au anasafisha mkono wake? Natamani nimuulize. Si kwa kugombana. Nataka kujua tu.

Jumamosi, 9 Machi

Naandika stoo, nimekalia gunia. Wamefika. Bi Funguo amenituma nilete kijibwa. Nimemtoa kizimbani, nikapita naye huku badala ya kwenda ofisini. Yumo ndani ya koti langu, anatafuna kifungo. Wewe anamnusa, mkia unapiga ukuta. Nje mtoto anauliza kitu, baba yake hajibu. Gari la daktari nalo limeingia, nazijua breki zake.

Naitwa tena. Safari hii anagonga funguo mezani.

Nikitoka na kijibwa peke yake, leo itakwisha vizuri. Kizimba kitakuwa wazi, daktari atapita stoo bila kusimama, na kazi yangu ninayo.

Nimemvalisha Wewe kamba. Sijui kwa nini mikono yangu imefanya hivyo kabla kichwa hakijaamua. Kijibwa nitambeba mkono huu, kamba mkono huu. Sitamshtaki mtu. Nitasimama tu hapo kati, nimtazame yule baba, nione anampokea nani na anasema hamjui nani, mtoto wake akisikia.

Bi Funguo anakuja mwenyewe, funguo hizo. Wewe ameshaufikia mlango, anaivuta kamba, hata kuandika —