Cheti cha Gari la Baba

Kibokoni, Mombasa
9 Februari 2024

Kwa binti yangu Ruweida,

Assalaam alaykum. Natumai barua hii itakukuta mzima huko Maskati, wewe, mume wako na watoto. Mimi namshukuru Mungu. Magoti ndiyo yasiyonishukuru. Jirani yetu Fadhiya anasafiri Jumapili kuja huko kuchukua mitandio yake ya biashara, nami nimemtilia barua hii mkobani, maana kwenye simu wewe hunikatiza kila nikisita kidogo kuhema.

Gari limepita ukaguzi. Ndiyo, lile lile la mbio, la viti viwili, ambalo marehemu mama yako alikuwa akiliita mke mwenzake. Tulipatana kwamba siku likikataliwa nitakupa funguo nisiendeshe tena, kwa sababu fremu imeliwa na chumvi ya bahari na fundi wa kuiunga hayupo. Nilikwenda nimejitayarisha kuagana nalo. Joab, ambaye ndiye mkaguzi siku hizi, akaniambia, "Mwalimu, kaa hapo kivulini, nitakuletea karatasi." Hata kahawa haijapoa, karatasi ikaja. Breki nzuri, usukani mzuri, fremu nzuri.

Ruweida, nimekagua magari miaka thelathini na moja. Niliwahi kulikataa gari la bwana harusi siku ya harusi yake, na ukoo ule hadi leo hauniamkui. Huyo Joab nilimfundisha kazi mwenyewe, alipokuja kutoka bara hata jeki hajui pa kuiweka. Sasa mimi nikikanyaga breki, mguu unazama kama nimekanyaga unga. Lakini karatasi inasema nzuri. Basi nimejiambia mguu ndio uliochoka. Karatasi ya ukaguzi nimeiamini umri wangu wote, siwezi kuanza kubishana nayo uzeeni.

Nisalimie wajukuu.

Baba yako,
Jamaldin


Maskati
2 Machi 2024

Baba yangu mpenzi,

Shikamoo. Sote hatujambo, ila mdogo ana mafua. Magoti yako uyapake yale mafuta niliyokutumia, si kuyapanga kabatini.

Nimefurahi mno kwa habari ya gari. Limepita, na bado unalitafutia ila? Joab ni mtu mwangalifu, tena umemfunza wewe. Nenda kando ya bahari pale Mama Ngina ukapunge upepo, ule muhogo wako wa pilipili kama mlivyokuwa mkienda na mama. Tangu afariki ulikuwa huvuki kizingiti, baba. Kila simu ya Mombasa ikilia nilikuwa naogopa kuipokea. Sasa Fadhiya ananiambia unavaa kofia na kutoka. Mimi hilo linanitosha.

Mwanao,
Ruweida


Kibokoni
17 Novemba 2024

Kwa Ruweida,

Assalaam alaykum. Natumai nyote mu wazima. Afya yangu usiiulize.

Ijumaa iliyopita, baada ya Alasiri, nilikuwa nashuka pale Mama Ngina, taratibu kama siku zote. Watu wakakatiza barabara. Nikakanyaga breki, ikazama hadi chini, haikurudi. Nikavuta ya mkono, nikabaki nayo mkononi. Ili nisiwagonge watoto nilipanda ukingo, nikalipiga karai la Purity, yule binti anayekaanga muhogo, ambaye mama yako alikuwa hanunui kwa mwingine. Mafuta ya moto yalimmwagikia mguu wa kushoto, goti hadi kisigino. Nilimpeleka hospitali kwa tuktuk, yeye analia na mimi nalia. Daktari anasema atatembea, lakini si leo wala si mwezi ujao.

Nilimfuata Joab kazini kwake.

"We Joab, gari langu ulilitia kwenye mashine ya breki au hukulitia?"

Akainamisha kichwa. "Nisamehe, Mwalimu. Sikulitia."

"Kwani nini kilichokuzuia?"

Hapo akachukua kitambaa akafuta mikono, akarudi kwenye gari la mtu mwingine. Nadhani alinionea haya kwa kuwa nilimfunza. Heshima ya namna hiyo inaua, mwanangu, na siitaki. Nakusudia kuwaandikia wakubwa wake wamfukuze. Najua ana watoto wanne, na mkewe Janet alishinda jikoni kwetu siku zote za matanga ya mama yako. Nimechoka, lakini nitaandika. Nangoja tu shauri lako, maana Joab unamjua tangu siku nyingi.

Baba yako


Maskati
1 Desemba 2024

Baba,

Shikamoo. Nimesoma barua yako nimesimama jikoni, sikuweza kukaa.

Usimshtaki Joab. Nishtaki mimi. Kabla ya ukaguzi nilimpigia simu nikamwambia, mama amekufa, na hilo gari ndilo litakalomtoa baba kitandani, ukimnyang'anya umemzika. Alikataa. Nikampigia tena, akakataa. Mara ya tatu nililia, akanyamaza, nami nikajua nimemshinda. Nilijiambia, mzee anatambaa tu na gari, nani atadhurika? Nilikutazama wewe peke yako, baba. Purity sikumwona.

Nijibu, hata kwa neno moja. Hata likiwa baya.

Mwanao,
Ruweida


Kibokoni
23 Mei 2025

Kwa Ruweida,

Assalaam alaykum. Natumai mdogo amepona kifua ulichoniandikia. Barua zako zote nne nimezipata. Sikujibu kwa sababu kila niliposhika kalamu yalikuja maneno ambayo baba hapaswi kumwandikia mwanawe.

Joab hakungoja mashtaka yangu. Alikwenda mwenyewe kwa wakubwa wake akasema, nao wakamsimamisha miezi mitatu. Aliporudi kazini nililipeleka gari juu ya lori, nikamwambia, "Leo kivulini sikai. Kagua." Akalitia kwenye mashine. Akaingia shimoni akagongagonga fremu kwa nyundo, kutu ikimwangukia usoni. Alipata kasoro kumi na saba. Kufika mwisho wa karatasi akaniangalia.

"Mwalimu, niandike?"

"Andika."

Akaandika limekataliwa. Nilidhani nitalia, kumbe nilikuwa nimechoka tu, na usiku ule nililala usingizi ambao sikuupata tangu mama yako aondoke. Gari nimewapa watu wa vyuma chakavu. Funguo anazo Fadhiya, atakukabidhi. Patano ni patano.

Hasira zimepungua, sisemi zimekwisha. Uliogopa nisife kwa upweke, na upweke ulikuwepo, sikatai. Lakini ulimshika mtu mwaminifu pale anapoumia, ukambana hadi akasema uongo. Nami uongo ule nikauendesha mjini miezi tisa.

Wiki iliyopita alikuja Mzee Ngumbao, babake Purity, kutoka Kaloleni, na nazi kumi na jogoo. Binti yake anachechemea; kovu limemvuta nyama ya mguu. Alinishika mikono yote miwili akanishukuru kwa kumpeleka mwanawe hospitali. Nilimwambia gari lilikuwa langu na breki nilijua ni mbovu. Akasema, ajali haina kinga. Habari ya simu zako sikumwambia. Si yangu kuisema.

Ukija Agosti, kabla hujafungua sanduku, tutakwenda Kaloleni. Nitakaa kando yako, nitakushika mkono ukitaka. Kusema utasema wewe.

Baba yako,
Jamaldin