Duka Letu Sasa Lipo Kwenye Simu, Mayu

Mayu,

Sikulifunga duka, mama yangu. Nianze na hilo, maana ndilo ungeniuliza kwanza, kabla hata hujaitikia shikamoo yangu.

Walitaka nilifunge. Siku tunamaliza matanga kule Songwa, udongo wa kaburi lako bado mbichi, Mjomba Masanja alisimama mbele ya ukoo akasema duka la vipuri vya machimboni si mahali pa binti, na kwamba yeye, kaka yako mkubwa, ataamua la kufanya. Watu wakaitikia kwa vichwa. Mimi nilikuwa nimekaa kwenye mkeka nimejifunga kanga yako, sikusema kitu. Kesho yake nikapanda gari la Kharumwa, nikafungua mlango wa duka, nikafagia pale ulipoanguka, nikakaa kwenye kiti chako. Jibu langu lilikuwa hilo.

Lakini acha nikwambie ukweli, ulinitesa. Miaka yote ile vifaa vyote ulikuwa navyo kichwani. Hakuna orodha, hakuna hata kikaratasi. Mtu anaingia na matope hadi magotini, anasema pampu yangu inakoroma, nawe unanyoosha mkono nyuma ya matairi ya toroli, unatoa kilekile anachotaka. "Usimwulize mteja jina la kifaa, mwulize mashine inalia vipi." Hayo ulinifundisha. Hukunifundisha kila mlio una maana gani. Ulidhani tuna muda. Na mimi nilidhani hivyo.

Basi wakawa wanakuja. "Nipe kile alichonipa mama masika yaliyopita." Kipi? Nitoe hiki, sicho. Nitoe kile, sicho. Mtu anachoka, anaondoka. Nikaanza kupiga picha za vifaa na kuzituma kwenye kundi la WhatsApp la wachimbaji, na hapo ndipo nikaharibu zaidi. Mmoja anaandika "niwekee hicho", mwingine anapiga simu, wa tatu anaingia mlangoni anakibeba. Mzee Luhende, yule aliyekuwa anakuletea viazi vitamu, alikodi bodaboda kutoka shimoni kwake, mvua yote ile, kufuata beringi za karasha lake la kusagia mawe, nilizomwahidi kwenye simu. Nilikuwa nimeshamuuzia mwingine. Nilisahau tu, Mayu. Mzee alikaa kwenye benchi, akavua kofia, hakufoka. Akasema, "Mama yako asingenifanyia hivi, Kabula."

Bora angenichapa.

Siku ile niliamua duka lazima liwe na katalogi ya mtandaoni, mahali mteja anapoona kipi kipo na kipi kimeisha, anaagiza, na alichoagiza kinakuwa chake hata kama mwingine kasimama mlangoni. Mjomba akapata habari. Akaja kutoka Kahama na jamaa wa kampuni inayouza mifumo hiyo, shati jeupe, tableti mkononi. Sikatai, mfumo wao ulipendeza kuutazama. Picha zinateleza, rangi zinang'aa.

"Dada, duka lako litaonekana dunia nzima," jamaa akaniambia.

Nikamwambia dunia nzima haichimbi huku Nyang'hwale. Mjomba akanikanyaga mguu chini ya meza.

Niliomba kuujaribu wiki mbili kabla ya kusaini chochote. Nikaenda na simu hadi kwa Mzee Luhende, kwenye turubai anakoishi kando ya shimo lake, nikamwambia aagize mkanda wa karasha. Ukurasa ulichelewa kufunguka hadi mzee akawasha sigara akaimaliza. Ulipofunguka ukadai barua pepe. Hana. Nikaweka yangu. Ukadai jina la mtaa na namba ya nyumba. Mzee akageuka akalitazama turubai lake. "Waandikie turubai la bluu, la tatu kutoka mbuyuni." Ukakataa. Tulicheka, Mayu. Mara yangu ya kwanza kucheka tangu ufe, nikajisikia vibaya, halafu nikacheka tena. Kisha akatafuta "koromeo", maana ndivyo wote huku wanavyokiita kile kidude chenye mlango kinachokaa chini kabisa ya bomba la pampu. Ukajibu hakuna bidhaa kama hiyo. Ilikuwepo, kumi zilikuwa rafuni, ila kwao ilikuwa na jina la kiwandani tu, la Kizungu.

Jamaa aliporudi na mkataba nilimwuliza swali moja. Nikitaka kuondoka, naondoka na nini?

"Dada, kwa nini uondoke?" akacheka.

Nikarudia swali. Ikambidi aseme. Picha, orodha na namba za simu za wateja vinabaki kwa kampuni. Yaani watu uliowajua mpaka majina ya watoto wao, niwakabidhi kwa wageni kwa saini yangu mwenyewe. Nikamsukumia karatasi yake.

"Nimeshampa mtu huyu neno langu!" Mjomba alisema, mishipa imemtoka shingoni.

"Ulimpa lako, Mjomba. Langu bado ninalo."

Mjomba akainuka. Aliniita mtoto asiye na adabu. Akasema ungekuwa hai ungenionea aibu. Hapo alikosea, na nilimwambia amekosea. Aliyekaa nawe humu dukani miaka yote ni mimi. Mimi ndiye niliyekuona ukimtoa nje yule mnunuzi wa dhahabu aliyekuita "kimama", akarudi baada ya mwezi kukuomba radhi. Aibu ya nini?

Akaondoka bila kuaga. Nikabaki peke yangu, sina mfumo, sina mjomba.

Nilimwendea Mama Zuhura, muuza vitenge wa sokoni Kahama. Hamkuwahi kuonana. Nilisikia tu kwamba wateja wake wanaagiza kwa simu na hakosei. Nilimwambia sijui lolote na nimeshagombana na ukoo. Akanivutia kigoda. "Mwanangu, mimi nilihangaika na mifumo mitatu kabla ya huu," akasema, akanionyesha kila kitu, mpaka yale yanayomkera. Mfumo wake hauna urembo wowote. Ukurasa mweupe, picha ndogo, maandishi. Lakini unafunguka hata pale mtandao unaposuasua. Oda inaingia kama ujumbe. Mwenye kitochi kisicho na intaneti anapiga simu, naiingiza mimi mwenyewe, na idadi ya kilichobaki inapungua papo hapo. Kifaa kimoja unaweza kukipa majina matano ukitaka. Na siku ukichoka nao, unaichukua orodha yako yote unaondoka nayo. Hilo la mwisho nilimfanya anionyeshe mara mbili.

Nikauchukua huohuo, na kazi ikaanza hapo. Nilitandika shuka jeupe uani nikapiga picha kifaa kimoja kimoja, pembeni nimeweka kiberiti ili mtu aone ukubwa. Halafu majina. Ningeyapata wapi, wakati uliondoka nayo? Nikawa kila mteja akiingia namkalisha kwenye benchi, namwekea chuma mapajani, namwuliza: hiki mnakiitaje, na mashine inaliaje kikiharibika? Mayu, walikuwa wanajua! Mmoja akaiga karasha inavyokohoa mkanda ukilegea. Mwingine akabishana naye. Wengine walieleza kwa Kisukuma, nikaandika hivyohivyo. Na kila mmoja anamalizia, "Mama Kabula ndiye aliyenionyesha." Mchana mmoja nilishindwa kuendelea, nikaingia stoo nikalia katikati ya mipira ya maji. Nikatoka, nikanawa uso, nikaandika majina mengine.

Sasa sikiliza lililotokea juzi, ndilo hasa limenifanya nikuandikie.

Mvua ilikuwa imepiga siku mbili mfululizo. Mchana simu ikaita, Mzee Luhende, sauti juu. Koromeo la pampu limepasuka, maji yanapanda shimoni, watu wameshatoka wote lakini magogo yanayoshikilia kuta yameanza kulegea. Yakianguka, kazi ya mwaka mzima imekwisha, ya kwake na ya wenzake kumi na mmoja. Nikatazama kwenye mfumo. Lilibaki moja la saizi yake. Nikaliandika kwa jina lake, nikalitoa rafuni.

Sijaweka simu chini, akaingia mtu na gari kubwa, noti mkononi, anataka hilohilo. Na nyuma yake nani? Mjomba Masanja. Ndiye aliyemleta.

"Mpe mgeni wangu," Mjomba akasema.

"Limeshaagizwa, Mjomba."

"Na nani? Mbona simwoni mtu hapa?"

Nikamgeuzia simu, jina likiwa hapo, Luhende. Yule mtu akasema ataongeza bei. Mjomba akasema tena, safari hii mbele ya benchi lote la wateja, kwamba yeye ndiye mkubwa wa familia hii na anasema nimpe. Niliogopa, sikufichi. Nikalifunga lile koromeo kwenye gunia, nikampa bodaboda aliyekuwa nje, nikamwambia aende moja kwa moja asisimame popote. Kisha nikarudi nyuma ya meza, nikamsalimu Mjomba kwa adabu zote, nikamwuliza kama kuna kingine anachohitaji.

Shimo lilipona, Mayu. Walivuta maji mpaka magharibi, upande mmoja ukamomonyoka kidogo, magogo yaliyobaki yakashika. Jana Mzee Luhende alikuja mwenyewe. Hakununua kitu. Alikaa tu kwenye benchi, akawaambia waliokuwepo, "Hapa ukiagiza, umepata."

Mjomba bado hanisemeshi. Labda atanisamehe, labda hatanisamehe. Nampelekea salamu kila Jumapili kupitia kwa mke wake, na nitaendelea, kwa sababu ni damu yako. Ila duka simpi.

Kuna jambo moja nataka ulisikie kwangu, usilisikie kwingine. Mfumo uliponiuliza jina la mmiliki, niliandika lako. Nikalitazama muda mrefu. Halafu nikalifuta, nikaandika Kabula. Iliniuma kama siku ile ya kukuzika. Lakini kama ningeliacha lako, kila anayekuja angeendelea kusema mwenyewe amekufa, duka halina mtu. Lina mtu.

Nakuahidi mawili. Hakuna atakayetoka shimoni kwake hadi hapa kufuata kitu ambacho hakipo. Na hakuna atakayeninyamazisha tena kwenye mkeka, hata awe nani katika ukoo.

Wabeja, Mayu, kwa yote uliyonipa, na hata kwa yale uliyosahau kunipa. Pumzika sasa. Kuna mtu mlangoni anasema pampu yake inapiga miluzi, na safari hii najua ni nini.

Mwanao,
Kabula