Siku Nassor Alipowaona Tai

Da Zuwena,

Bunduki zimenyamaza shambani kwa Nassor. Nimetaka ulisikie hili kabla ya jingine lolote, maana hata pumzi zilipokuwa zikikukatika ulikuwa ukiniuliza, "Wameacha?" Nikikujibu bado. Leo nnakwambia wameacha.

Nyumba hii ya Bawshar imekuwa kubwa mno bila ya wewe. Mama angali anakuwekea kipande chako cha mkate wa kumimina, kisha anakumbuka, anakipeleka kwa jirani. Gari yako nnaiendesha mimi.

Nnakumbuka siku tulipomwokota yule tumbusi bondeni, karibu na shamba. Mabawa kayatandaza, mdomo umejaa mchanga, na pembeni yake pande la nyama lililotiwa sumu. Ukamfunika kwa mtandio wako, ukalia kama umefiwa. Tangu hapo hukunyamaza. Kila majira ya baridi Nassor akialika wageni wake, wafanyakazi wakiwatimua kware vichakani ili wapigwe risasi wakiruka, wewe uko barabarani kwenda wizarani Al Khuwair kushitaki. Si kwa ajili ya kware tu. Ulishitaki kwa ajili ya tai na tumbusi waliokuwa wakiuliwa ili kware wabakie kwa wageni. Ukimshitaki binamu yetu wa damu! Harusini hukualikwa tena. Bi Mkubwa, mama yake Nassor, akakwambia mbele za watu, "Utatuvunjia ukoo kwa sababu ya ndege wala mizoga?" Nawe ukamjibu, "Wanaila wao, Bi Mkubwa, ili sisi tusiugue."

Basi sikiliza. Nassor alikuja tangani kwako. Alikaa na wanaume hadi khitma ikaisha, halafu akaniita mlangoni, macho mekundu. "Zuwena kila siku akinambia nende nkawatazame tai wakiwa hai. Sikwenda. Nipeleke wewe."

Nikampeleka asubuhi, juu ya lile jabali ulilolipenda. Mbingu tupu. Tukakaa. Nassor akatoa simu, akairudisha mfukoni, akaitoa tena. Nikaona nimekuaibisha, Da Zuwena, nikaomba Mungu moyoni.

Kisha jua likayapasha mawe moto, na upepo ukaanza kupanda kutoka bondeni. Akainuka tai mmoja chini yetu. Chini yetu! Tukamwona mgongo, manyoya ya rangi ya tende, kila unyoya wa ncha ya bawa umeachana na mwenzake kama vidole. Hakupiga bawa hata mara moja. Nyuma yake mwengine, na mwengine, na tumbusi weupe kati yao, wakizunguka, wakipanda, mpaka ikawa nguzo nzima ya ndege kutoka bondeni hadi pale jicho linaposhindwa. Mmoja akatupitia karibu mno, tukausikia upepo ukivuma katika mabawa yake. Akageuza kichwa, akatutazama.

Nilijiona mdogo, na sikuona vibaya kuwa mdogo.

Nassor alikuwa amekaa chini juu ya kokoto, na kanzu yake ile nyeupe. "Subhanallah," akasema. "Mimi huwaona wameshakufa tu. Wameletwa ndani ya gunia." Akafunika uso kwa kilemba chake.

Siku ile ile aliwakusanya watu wake, akazichukua bunduki zao, na nyama yote ya sumu ikatafutwa, ikachomwa. Wageni wamekasirika, na mmoja amemwita mwendawazimu. Kware wake sasa wanafugwa chini ya wavu, tai wasiwafikie, na hawapigwi risasi na mtu. Bi Mkubwa hajanisemesha bado, lakini juzi alituma halua.

Sikufichi, kazi haijesha. Shamba la pili, ng'ambo ya bonde, bado wanapiga. Mwenye shamba ni mtu mkali, na Nassor kasema tutakwenda pamoja kesho baada ya sala ya alasiri. Nnaogopa. Sina ulimi wako. Lakini ntasema, na akitufukuza ntarudi, na wakizaliwa wanangu ntawafundisha kurudi.

Lala salama, dada yangu. Mola akupe nafasi kubwa kuliko mbingu ile tuliyoiona.

Mdogo wako,
Rahma