Harusi Iliyoficha Mkutano

Mke mwenzangu,

Nakuita hivyo kwa kuwa ndivyo ulivyoniita mwenyewe tangu nilipoanza kutembea. Babu alinitania kuwa mimi ndiye mke wake mdogo, na wewe ukakubali kunigawia upande wa kitanda. Nikianza na "Bibi mpendwa" utajua kuna kitu nataka kuomba. Siombi kitu. Nimekuja kukupa habari, maana kuna neno lako nililitumia hapa mwaloni Mwigobero mbele ya watu, likanigharimu, na nadhani una haki ya kusikia lilifika wapi.

Kwanza ya nyumbani. Hitima yako tuliisoma kwako Nyasura. Shangazi Mwajuma, mwanao, ndiye aliyesimamia masufuria, na unamjua, hakuna aliyethubutu kuonja kabla ya wakati. Ndugu zako wa Butiama walikuja na nyimbo zao za kanisani, wakasubiri shehe amalize, kisha wakaimba. Siku ya kukuzika walikuwa wametaka kukuchukua, ukalale kwa wazee wako. Nikawaambia nilikuuliza ukiwa na nguvu za kujibu, na ulisema ubavuni kwa Babu, upande usio na mchwa. Waliposikia kwamba uliulizwa hawakubishana tena. Kuku wako mwekundu amehamia kwa jirani na hataki kurudi. Mwezi wa kwanza baada ya msiba nilikuwa nikishuka stendi ya Bunda kuja kwako nanunua sukari yako kama kawaida, halafu nakumbuka nikiwa nimeshalipa. Mara ya kwanza nilikaa kwenye benchi nikalia, abiria wananitazama. Mara ya pili niliipeleka nyumbani, tukakoroga chai.

Sasa hiyo habari.

Unajua kina mama tunaoanika dagaa hapa tuna kiti kimoja kwenye kamati ya mwalo huu wanaposhusha samaki. Na anayekikalia wanamteua wenye mitumbwi. Anakuwaga mke wa mmoja wao, au shemeji. Akienda kikaoni anakaa, anakunywa soda, anarudi anatuambia kilichoamuliwa. Tulizoea hivyo. Ila mwaka huu limeletwa wazo kwamba uwanja wetu wa kuanikia ugeuzwe maegesho ya malori, na sisi tukaanike huko juu mbali na maji, kwenye vumbi. Dagaa wa vumbi nani atanunua? Yaani safari hii kiti kile si cha soda.

Mzee Bwire, mwenyekiti wa wenye mitumbwi, akanifuata bandani kwangu. Si mtu mbaya, usimchukie. Msibani kwako alituma sato na kijana wa kuwabeba. Akaniambia, "Mwanangu, tumekaa tumekuteua wewe. Una adabu, na unajua kuongea." Nilikitaka kile kiti, Bibi, sitakudanganya. Nilikwisha kujiona nimekaa pale na kilemba changu cha bluu. Mdomo ukafunguka kusema ahsante, na badala yake nikasikia sauti yako ya Nyasura, ile ya kukwaruza, inatoka kwangu.

Hadithi ya harusi yako uliisimulia mara nyingi mpaka sisi wajukuu tukawa tunakusahihisha. Babu kijana, anashona kwenye baraza ya duka moja Musoma, tepu shingoni. Mwingereza alikuwa na Baraza lake la Kutunga Sheria huko Dar es Salaam, na Waafrika wachache waliokaa humo waliteuliwa na Gavana. Babu alikuwaga anasema, mtu aliyeteuliwa na mwenye nyumba hawezi kumwambia paa linavuja. Yeye na wenzake wa Musoma, pamoja na wakulima wa pamba wa Bunda, baba yako akiwemo, walitaka jambo moja tu: wakazi wachague wenyewe mtu wa kuwasemea. Shida, mkutano ulihitaji kibali, na kibali hakikutoka. Harusi haikuhitaji kibali. Wakatangaza harusi.

Bwana harusi akawa Babu, kwa sababu alikuwa hajaoa na alikuwa na kanzu nzuri, kazi ya mikono yake mwenyewe. Bibi harusi ukawa wewe, kwa sababu baba yako ndiye aliyekuwa na ua mkubwa, hapo Nyasura, na alikuwa na binti. Wakati wanapanga ulikuwa shambani unachuma pamba. Ukarudi ukakuta unavishwa khanga mpya. Ukaambiwa ni mchezo wa siku moja, kaa ndani, inamisha kichwa, na tarishi wa mtemi akichungulia usicheke.

Na mchezo ungeisha salama kama wangemwambia bibi yako wa Butiama. Hawakumwambia, kwa kuwa bibi yule alikuwa hana kifua, siri ikiingia sikioni inatokea mdomoni. Yeye akasikia tu kwamba mjukuu wake anaolewa. Akaja na mbuzi na mashangazi. Wanaume wako nyuma ya nyumba wanajadili uwakilishi, mbele vigelegele, bibi wa watu akaingia chumbani, akakutemea mate ya baraka kifuani na kukuombea uzao. Basi. Kwenu baraka ya mzee haichezewi. Ukiirudisha, umejitafutia laana. Baba yako alipopelekewa habari huko nyuma ya nyumba alishika kichwa. Tarishi alikuwa kwenye pilau, akasema harusi imefana.

Mkutano nao ulifana. Walikubaliana neno moja, na wa kulipeleka mbele wakapatikana. Jioni Babu akaja mlangoni akiwa na aibu zake kukuchukua, maana sasa mlikuwa mume na mke na hakuna aliyejua la kufanya. Ukakataa kuinuka kwenye mkeka. "Hakuna aliyeniuliza." Ukawaambia watu wazima wale, na wewe binti wa juzi tu, kwamba mchana kutwa wamekaa huko nyuma wakilalamika Gavana anawachagulia msemaji bila kuwauliza, na hapa mbele wao wenyewe wamekuchagulia mume. Baba yako alishika fimbo. Babu ndiye aliyemzuia mkono, akasema huyu ana hoja.

Sehemu niliyoipendaga zaidi ni ile ya baiskeli. Babu anaendesha kutoka Musoma mpaka Nyasura na vumbi lote lile, anakaa uani, anapewa maji, anauliza, "Je?" Unamjibu, "Bado nafikiria." Anapanda baiskeli anarudi. Pamba ikavunwa, ikapandwa, ikavunwa tena. Bibi yako wa Butiama akapeleka maneno kwamba mate yake yanakauka bure, nawe ukamjibu kwamba hayajaharibika.

Hatimaye serikali ikaruhusu kura, ila kwa masharti. Mpaka uwe umesoma kufikia kiwango fulani, au una kipato cha kutosha, au una cheo. Na aliyeruhusiwa lazima achague watu watatu, Mwafrika, Mzungu na Mhindi, la sivyo kura yake imeharibika. Babu, na kelele zake zote, alikwenda kujiandikisha akakataliwa. Siku hiyo alikuja Nyasura amenyong'onyea, hata kuuliza hakuuliza. Wewe ukamaliza kupepeta mtama wako, ukamwambia, "Serikali imekukataa. Mimi nimekukubali." Babu alisema mpaka anazeeka kwamba kura ile moja ilimtosha.

Tangu hapo nyumba yako ilikuwa na ugonjwa wa kuuliza. Watoto tumejipanga jikoni, unatuuliza tunataka ugali wa muhogo au wa mtama. Unga upo wa muhogo tu, na wote tunaona. Lakini unauliza, tunajibu muhogo, unasema haya, mmechagua wenyewe, asinune mtu.

Ndicho kilichonitoka mbele ya Mzee Bwire. Nikamwambia, "Shikamoo zote nakupa, baba, ila hakuna aliyewauliza kina mama." Akacheka. Akasema, si watakuchagua wewe tu? Kwa nini tusumbue watu na jua hili? Na mimi moyoni nilijua ni kweli watanichagua mimi tu. Kwa hiyo ujasiri wangu haukuwa mkubwa sana, usije ukajivuna huko uliko. Nikamwambia, kama watanichagua mimi tu, basi hakuna hasara kuwauliza.

Akasema atalipeleka kwa wenzake. Wenzake walinuna, mmoja akasema nimelewa msiba. Lakini Mzee Bwire ni mtu wa neno, na wiki iliyofuata tukaambiwa siku ya kuchagua.

Walikuja wengi. Hata wa kisiwani Rukuba walikuja na boti ya asubuhi, na nguo za kutokea, kama wanaenda harusini kweli. Tulikuwa wagombea wawili. Mwenzangu ni Mama Wankuru, yule mama mrefu niliyekwambiaga aliwahi kumrudishia mnunuzi mpunjaji gunia lake katikati ya barabara. Hana adabu hata kidogo. Nilimwonea huruma, nikasema angalau apate watu wachache asiaibike.

Utaratibu wetu ni wa mstari. Wagombea wanasimama wakiangalia ziwa, wasione nani anakuja nyuma ya nani, na kina mama wanajipanga. Ukishapangwa hivyo, Bibi, huna la kufanya ila kutazama maji. Nilisikia kandambili zinapita kwenye changarawe. Nikasikia mtu anakohoa, nikamtambua kwa kikohozi, ni wa kwangu huyu, halafu kikohozi kikaenda upande wa pili. Jasho lilinitoka, na asubuhi ilikuwa ya baridi. Nilifikiria Babu uani kwenu na kikombe cha maji mkononi. Nilikuwa nacheka kila ulipofika pale. Sikujua kwamba mtu akishauliza hukaa hivyo, mikono haina kazi.

Mzee Bwire akasema tugeuke. Mstari wangu ulikuwa wa heshima. Wa Mama Wankuru ulizunguka chanja za dagaa ukafika kwenye choo cha soko.

Na katikati ya mstari ule, na khanga yako ya kijani uliyomwachia, Shangazi Mwajuma. Shangazi yangu wa damu, aliyenibeba mgongoni, ninayeanika naye dagaa chanja kwa chanja. Watu waliposhangilia na kutawanyika alikuja kwangu wala hakukwepesha macho. Nikamuuliza, hata wewe, Shangazi? Akanipangusa jasho kwa pindo la khanga, akasema, "Uliniuliza, mwanangu. Nimekujibu." Kisha akaniambia kwamba mimi ni mpole, na kwenye kikao kile mpole atapewa soda.

Iliniuma, nitakuficha nini. Siku ile sikula. Kesho yake niligeuza dagaa wangu bila kusalimia mtu. Ila kikao kikaja, Mama Wankuru akaingia, na tuliokaa nje tulimsikia mpaka kwenye ngazi za boti. Aliongea mpaka soda zikapata moto. Uamuzi wa malori umeahirishwa kwa sababu muda uliisha, na kwa jinsi ninavyomjua, muda utakuwa unaisha kila kikao. Dagaa bado wako uwanjani, karibu na maji. Juzi Mzee Bwire alipita akaniambia kwa kunong'ona kwamba mimi ndiye niliyemletea balaa lile. Nikamwambia ndiyo, baba. Nikajikuta natabasamu.

Binti yangu ana mtu anayemtaka, fundi wa pikipiki hapa mjini, na wajomba wameanza kuhesabu wenyewe kwa wenyewe siku na mbuzi. Nimewakalisha chini. Nakuahidi, hakuna mbuzi atakayefungwa kamba wala mzee atakayetema mate kabla sijamuuliza binti mwenyewe, peke yake, chumbani, na akisema bado anafikiria, kijana apande pikipiki yake arudi. Na uchaguzi wa kamati ukija tena, nitasimama tena kuangalia ziwa. Nitaogopa vilevile.

Pumzika, mke mwenzangu. Msalimie mume wetu, mwambie na mimi nimekataliwa, na nilirudi kwa miguu maana baiskeli sina. Nibakizieni upande wangu wa kitanda. Sina haraka.

Mjukuu wako,
wa Mwigobero