Jiwe la Miviringo Kutoka Goweko

Jumatatu, 4 Novemba
Nimefungua banda la viatu. Chai kavu. Kuna watu wana bahati, halafu niko mimi. Jiwe nililiokota shambani kwa kaka Masanja, Goweko. Najisaidia zangu tu, likanikonyeza! Leo sonara wa mtaa wa Chemchem kalikata katikati: ndani miviringo, myeupe, ya kijivu, myekundu, kama kitunguu. Akiki, anasema, jiwe la thamani. Nimefika mpaka Lubumbashi, sijaona kitu kama hiki. Nikampigia kaka: shamba lako lina mali. Kacheka mpaka salio langu likaisha.

Jumatano, 6 Novemba
Sonara ananisomesha kama mtoto wa chekechea. Eti volkano inamwaga uji wa moto, unapoa, mapovu yake yanabaki matundu. Maji yanapenya humo yamebeba kitu kilekile kinachotengeneza kioo. Yanaacha utando, halafu mwingine juu yake, kuanzia ukutani kwenda katikati. Maji gani yanabeba jiwe? Mie niliishia la sita. Nimetikisa kichwa kama profesa.

Ijumaa, 8 Novemba
Sasa ndiyo sielewi kabisa. Sonara kasema, "Goweko yote granaiti, bwana. Volkano iko wapi? Hili limesafiri. Limekuja na misafara ya zamani, kwenye mzigo wa mtu." Akapitisha kidole ubavuni. "Na ulaini huu si wa mto. Hapa pamesuguliwa na mkono, miaka."
Nikamwambia labda mkono wa jini. Hakucheka.
Nimefunga banda saa nane.

Jumapili, 10 Novemba
Goweko. Mungu wangu. Kaka kafumua matuta yote ya tumbaku. Mashimo kumi na moja. Mvua ya kupandia imeshanyesha, miche inazeeka kitaluni. Mikono yake malengelenge matupu. "Mdogo wangu, wewe una mkono wa bahati. Nionyeshe ulipoliokota."
Nikaonyesha. Kwa kidole! Kidole changu mwenyewe!
Shemeji akauliza kama nimeliona lile jiwe la marehemu mama la kulainishia vyungu. Tangu msiba halionekani, na vyungu vyake sasa vinakwaruza. Nikasema sijui. Niliacha wali kwenye sahani. Mimi!

Jumatatu, 11 Novemba
Sikufungua. Nimeviangalia vile vipande viwili mpaka macho yakauma. Kwa nini nilisema shambani? Ningeweza kusema popote. Ningeweza kunyamaza.

Jumanne, 12 Novemba
Nimerudi na jembe langu. Nikampa shemeji vipande, nikasema yote mbele ya kaka. Hakunipiga. Alikaa juu ya udongo akajaribu kuviunganisha. Havifungi vizuri, msumeno umekula katikati. Akampa shemeji kile chenye ubavu laini. Kingine kakitia mfukoni. Halafu akasema, "Anzia shimo la mwisho."
Tumefukia saba. Kesho manne, kisha matuta.
Sikuokota kitu. Nililichukua kwenye kapu la mama siku ya msiba, nikaona haya kuonekana nalilia jiwe. Bahati sina, wala sijawahi kuwa nayo.